Tanuri la Watu wa Kusini

Kaka yangu ni fundi wa kuchomelea vyuma. Mageti, grili za madirisha, vitanda vya mabwenini, matoroli ya sokoni: ukipita mtaa wetu ukashika chuma chochote, huenda umeshika kazi yake. Watu wanamwita Cheche, na wanaodhani jina hilo limetokana na kazi tu hawajawahi kubishana naye.

Nataka kueleza jinsi mtu wa miaka arobaini na saba, baba wa watoto watatu, alivyokonda kwa ajili ya gemu ya kompyuta. Najua mtacheka. Wifi yangu, mke wake, alicheka miaka mingi, kisha akachoka kucheka. Mimi sicheki, kwa sababu mkono wangu umo.

Gemu yenyewe inaitwa Himaya. Unachagua taifa, unajenga mji, unalima, unachimba madini, unaandaa jeshi, halafu unapambana na mtu aliyekaa mbele ya kompyuta yake popote pale duniani. Mataifa ni kumi na moja. Wapo Dola ya Barafu, wenye kuta nene na mashoka. Wapo Wapanda Farasi. Wapo Milki ya Mashariki na baruti zao. Na mwisho kabisa wa orodha, mahali ambapo jicho hufika likiwa limeshachoka, wapo Watu wa Kusini. Hao ndio sisi. Hakuna aliyeandika kwamba ni sisi, lakini ukiona nyumba walizochorewa na sura walizopewa, huhitaji kuambiwa waliotengeneza gemu walikuwa wanamfikiria nani.

Watu wa Kusini wana mikuki ya miti. Mataifa mengine yote yana jengo la kufulia chuma, wao hawana. Ukiuliza kwa nini, ukabonyeza alama ya maelezo, unasoma maneno haya: "Taifa hili halijui chuma, ila lina mbio."

Siku kaka alipoyasoma hayo kwa mara ya kwanza nilikuwa nimesimama nyuma yake, ndani ya karakana. Ukutani, juu ya mashine ya kuchomea, pametundikwa jembe alilofua babu yetu. Babu hakununua chuma cha jembe lile. Alikichimba ardhini kikiwa mawe mekundu, akakiyeyusha kwenye tanuri la udongo alilolijenga kwa mikono yake. Nyuma ya nyumba yake palikuwa na lundo la mavi ya chuma, makapi yanayobaki chuma kikiyeyushwa, tulilokuwa tukilipanda utotoni kama kilima, tukirudi ndani na magoti yamechanika.

Kaka alisoma maneno yale mara mbili. Kisha akasema, taratibu kabisa, "Mdogo wangu, leta karatasi."

Ndiyo tukaanza barua. Mimi ni karani wa shule, na lugha ya wenye gemu naiandika vizuri kuliko yeye, kwa hiyo yeye alikuwa anatamka na mimi naandika. Barua moja kila mwaka, kwa miaka tisa. Alieleza kila kitu: udongo gani unafaa, mabomba mangapi ya kuingizia upepo, mkaa wa mti wa aina gani, mivukuto ya kupulizia moto inavutwa na watu wangapi kwa zamu. Na kila barua aliimalizia na jambo moja lililomkaa rohoni, kwamba mdomo wa tanuri la babu ulitazama mashariki, kwa sababu kwao upepo wa asubuhi ulitoka huko, na babu hakutaka kumchosha mtu kuvuta mvukuto wakati upepo upo bure. Miaka minane ya kwanza, majibu manane, yote sawa neno kwa neno: asante kwa maoni yako, tunawathamini wachezaji wetu. Walikuwa wanampaka mafuta kwa mgongo wa chupa, na mimi ndiye niliyekuwa namsomea.

Sasa nieleze dhambi ya kaka, maana na yeye si malaika.

Kampuni ile imeigawa dunia katika maeneo, kama mtu anayekata keki akijua mapema nani atapata kipande gani. Eneo letu lilifunguliwa la mwisho. Likapewa mataifa matatu tu kati ya kumi na moja, Watu wa Kusini wakiwa wa kwanza, na marekebisho ya gemu yakawa yanatufikia miezi minne baada ya wengine. Sababu yao ni moja: soko dogo. Lakini kaka aligundua kwamba wakati wa kujiandikisha unaulizwa unatoka nchi gani, na hakuna anayekuja kuhakiki. Akajiandikisha kuwa mkazi wa nchi moja ya mbali, nchi ambayo ukitema mate yanaganda kabla ya kugusa chini. Akafunguliwa mataifa yote. Akachagua Dola ya Barafu.

Akamfundisha Kinyozi wa mtaa wetu. Kinyozi naye akamfundisha kila mwenye kichwa. Kaka mwenyewe aliwaandikisha watu kwa mkono wake kwenye chumba cha nyuma cha karakana, kwenye kompyuta sita za mtumba alizoziunga yeye, kila Jumapili mchana, feni ikipiga kelele na bati likilia kwa joto. Mimi nilikuwa wa tano. Baada ya miaka michache mji mzima ulikuwa umehamia kwenye baridi bila mtu hata mmoja kuvaa koti.

Na watu walipenda walikohamia. Mwalimu wa jiografia wa shule yetu alichukua Milki ya Mashariki, akaanza kusema "sisi tuliovumbua baruti" hata kwenye mkutano wa walimu. Kinyozi alichukua Wapanda Farasi, yeye ambaye anaogopa punda. Siku moja nilimuuliza mbona hata siku moja hajajaribu Watu wa Kusini.

"Dada," aliniambia, wembe ukiwa hewani, "mimi hapa nje ni Mtu wa Kusini kutwa nzima, na hakuna aliyeniuliza kama nataka. Nikikaa kwenye kompyuta niache nipumzike."

Nilicheka siku ile. Nilimwelewa mno, ndiyo maana nilicheka.

Barua ya tisa ndiyo iliyojibiwa na mtu. Nasema mtu kwa sababu aliuliza maswali. Alisema yeye ni mchoraji wa majengo wa gemu, kwamba amekuta barua zote tisa kwenye kabati la maoni, amezisoma kwa siku moja, na ameona aibu. Alitaka kujua mabomba ya udongo yalikuwa na unene gani. Kaka alichora tanuri nyuma ya mchoro wa geti aliloagizwa na daktari, kwa chaki ya fundi na rula ya chuma, nikapiga picha, tukatuma. Wiki tatu baadaye ikaja picha kutoka kwao: tanuri la babu, lenyewe, limesimama kwenye kioo, linatoa moshi. Kaka aliitazama picha ile kwa muda mrefu. Akamwita wifi atoke jikoni aje aone. Wifi akaja na mikono yenye unga, akatazama, akasema, "Ni kweli ni lenyewe." Sijawahi kumwona kaka akiwa na furaha vile, hata siku ya harusi yake alikuwa analalamikia viti.

Chini ya picha palikuwa na aya moja zaidi. Mchoraji alisema kazi yake imekwisha, lakini uamuzi wa kulipatia taifa tanuri hauko kwake, uko kwa watu wa soko, yaani idara ya mauzo. Na watu wa soko wana kanuni: taifa haliongezewi kitu mpaka eneo linalowakilishwa na taifa hilo liwe na wachezaji mia tano. Kwa hesabu zao eneo letu lina wachezaji kumi na wanne. Mkifika mia tano ndani ya siku sitini, aliandika, nitaweza kuwatetea.

Niliisoma kwa sauti. Kaka akauliza, "Wangapi?"

"Kumi na wanne."

"Jumapili iliyopita tu humu ndani walikuwa ishirini na wawili."

Halafu nikaona anavyoelewa. Watu mia tano tulikuwa nao, na zaidi, mji huu na miji ya jirani. Wote aliwahamisha yeye.

Jumapili iliyofuata chumba cha nyuma kilijaa hadi mlangoni. Kaka aliwaeleza. Aliwaonyesha picha ya tanuri. Wakaisifia. Kisha akawaambia kinachotakiwa: kila mmoja aingie kwenye maelezo yake, abadilishe nchi, arudi nyumbani. Hapo kelele zikaanza, kwa sababu kila mtu alijua ukibadilisha eneo unafutiwa kila kitu. Mji wako, cheo chako, ushindi wako wote, vinakwenda na maji, unaanza na mataifa matatu na kibanda kimoja.

"Fundi," alisema Kinyozi, "si wewe uliyetuhamisha?"

"Ni mimi. Na ni mimi ninayewaomba mrudi."

"Kwa ajili ya tanuri la kuchora."

"Wameandika hatujui chuma. Wewe umekaa kwenye kiti nilichokichomelea mimi."

Mwalimu wa jiografia alisimama akazungumza kwa robo saa juu ya uzalendo. Alizungumza vizuri, nusura nipige makofi. Alipomaliza Kinyozi akasema, "Haya, wa kwanza awe Fundi mwenyewe. Tuone."

Kaka alikuwa na miaka kumi na miwili kwenye Dola ya Barafu. Cheo chake kilikuwa Jemadari Mkuu, na katika eneo lote lile la baridi walikuwa sita tu wenye cheo hicho. Akakaa. Akafuta vumbi la chuma kwenye vidole vyake, akabadilisha nchi, akabonyeza. Kioo kikawa cheupe, kisha kikatokea kibanda kimoja na watu watano wenye mikuki ya miti.

Akageuka, akanitafuta kwa macho. "Na wewe mdogo wangu?"

"Kesho, kaka," nikasema. "Leo sikuja na neno langu la siri."

Sikuhama kesho yake. Sikuhama kabisa. Nayasema haya kwa kinywa changu kwa sababu nimechoka kuyabeba. Shuleni mimi ni mtu wa kuitwa: karani lete faili, karani piga chapa, karani mbona chai haijafika. Nyumbani naishi na mama, na mama ana maoni juu ya kila kitu, hadi ninavyokunja shuka. Lakini kwenye Dola ya Barafu nilikuwa na mji. Nilikuwa nimeujenga miaka saba, wenye kuta tatu, mfereji, na ghala mbili zilizojaa. Pale sikuitwa na mtu, niliamua mimi. Kila nilipopeleka kidole kubonyeza roho iliniuma nikafunga kompyuta.

Nikafanya vibaya zaidi. Nilimwambia kaka nimeshahama, ila sipati nafasi ya kucheza kwa sababu ya mitihani. Kisha nikabadilisha jina ninalotumia kwenye gemu ili asinitambue. Na huku nikimwandikia matangazo ya kubandika, "Rudini nyumbani, tulete chuma chetu", nikiyapiga chapa kwa mashine ya shule. Nilivaa miwani ya mbao, nikatembea nayo siku sitini.

Siku hizo kaka hakukaa karakana. Alizunguka nyumba kwa nyumba, duka kwa duka, akasafiri hadi miji mitatu ya jirani. Kila mahali walimkaribisha, kila mahali walimwambia wiki ijayo. Geti la daktari lililala uani likiota kutu. Wifi akanifuata ofisini, jambo ambalo hafanyi.

"Wifi, zungumza na kaka yako," alisema. "Mimi akinisikia ananiambia sijui maana ya taifa. Labda sijui. Ila najua daktari amekuja mara nne."

Nilimwambia nitazungumza naye. Ningeanzia wapi?

Mwalimu wa jiografia alikuja siku ya hamsini kuniletea mitihani, nikamuuliza kama ameshahama. Akasema bado anatafakari athari zake. Nilitaka kumrushia sanduku la chaki. Nilijizuia kwa sababu nilikuwa sina haki hata ya kushika sanduku.

Saa chache tu baada ya siku ya sitini, barua ikaja. Nilimpelekea kaka karakana. Alikuwa anachomelea, hatimaye, lile geti. Alipandisha kinyago juu ya kichwa, akasema nisome. Walishukuru kwa hamasa ya jamii yetu. Walisema wachezaji wa eneo letu wamefika themanini na tatu, ongezeko la kutia moyo, ila kibiashara eneo bado ni dogo. Mchoro wa tanuri utahifadhiwa kwa matumizi mengine yatakayofaa.

"Themanini na tatu," kaka alisema. "Na humo mimi na wewe tumo."

Nikaikunja barua.

"Hawa waliniangalia usoni, mdogo wangu. Mtu ananipa kiti, ananipa maji, ananiambia Fundi nimeshahama, mimi nashukuru. Sasa nitajuaje nani aliniambia kweli? Nikipita sokoni nimwangalie nani?"

"Achana nao, kaka."

"Siwezi kuachana nao. Ndio watu wangu." Akashusha kinyago, akarudi kwenye geti.

Matumizi yanayofaa yalipatikana upesi. Marekebisho mapya ya gemu yalipotoka, Dola ya Barafu walipewa jengo jipya la kufulia chuma, na jengo hilo lilikuwa tanuri la babu. Lile lile, na mabomba yake ya udongo na moshi wake. Maelezo yalisema watu wa soko wameona ni haki kulipatia zawadi taifa linalochaguliwa na wachezaji wengi kuliko yote. Mchoraji alituandikia mistari miwili kuomba radhi, kisha hakuandika tena. Nilikasirika sana. Nikapiga hesabu za kijinga, kwamba katika hao wachezaji wengi kuliko wote tulikuwamo sisi, mji mzima, kichwa kwa kichwa. Tulimnyima babu tanuri lake kusini, tukalipeleka wenyewe kwenye barafu.

Na pamoja na hasira zangu zote, Jumamosi mchana niliingia kwenye mji wangu nikalijenga.

Gemu hukuwekea jengo likitazama barabara. Kila mtu huliacha hivyo. Mimi nililigeuza. Sikufikiri, mkono ulikwenda wenyewe: nikalizungusha mara tatu mpaka mdomo wake ukatazama mashariki. Likaanza kutoa moshi, na askari wangu wote wakabadilishiwa mashoka. Nilikaa nikalitazama, na kwa muda nilisahau kwamba nilikuwa mwongo.

Kisha ikaja taarifa kwamba nina mpinzani. Gemu ndiyo hupanga nani apambane na nani. Alikuwa wa Watu wa Kusini, cheo cha chini kabisa, jina lake namba tupu. Sikuwa na wasiwasi. Wanaochagua taifa hilo hawafui dafu kwetu. Lakini huyu alikuja kwa njia ya mfereji, akapitia mahali ambapo ukuta wa pili una udhaifu ambao mtu wa kawaida hawezi kuujua, akaingiza watu arobaini wenye mikuki ya miti hadi katikati ya mji wangu. Wakafika mbele ya tanuri. Wakasimama.

Hawakurusha mkuki hata mmoja. Waliachwa wamesimama pale, wote arobaini, kama watu walioambiwa wasubiri. Halafu yakatokea maandishi chini ya kioo.

"Umelielekeza vizuri, mdogo wangu."

Nilitafuta herufi za kujibu. Askari wangu, ambao tangu zamani niliwaagiza wamshambulie mgeni yeyote atakayevuka ukuta, hawakunisubiri. Walitoka kambini na mashoka yao mapya. Wale arobaini hawakukimbia, na mbio ndiyo sifa pekee waliyopewa. Pakaandikwa kwa herufi kubwa kwamba Dola ya Barafu imeshinda.

Jumapili sikwenda karakana. Jumatatu baada ya kazi nilikwenda, nikiwa nimepanga maneno ya kuomba msamaha tangu asubuhi. Kaka alikuwa anapima kitanda cha bweni. Aliniona, hakuniacha nianze.

"Chukua karatasi," alisema. "Tuwaandikie ya kumi."

Akatamka, nikaandika. Udongo, mabomba, mkaa, mivukuto, mashariki. Sauti yake ilikuwa ile ile ya miaka yote, ila hakunitazama hata mara moja. Tulipofika mwisho akataja jina lake kama mwandishi, nikaandika. Akasema safari hii tuongeze na jina la mtafsiri, nikaandika jina langu. Mbele ya kila jina huwa tunaacha nafasi ya kuandika nchi anayotoka mtu.

Nilisubiri aniambie. Alikuwa ameshashusha kinyago.

"Hapo jaza mwenyewe," alisema, akawasha mashine.